Tope Linalozaa

Wanaosema siku hizi kwamba Shimba alikuwa mwehu, wengi wao hawakumjua. Mimi nilimjua. Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja, yeye akifyatua matofali bondeni Igogo, mimi nikiyapanga ukutani, na kama yuko mtu wa kusema alikosea wapi, ni mimi Salehe mwashi, si hao wanaoshinda vibarazani kutafuna majina ya watu. Hakuwa mwehu. Aliona kitu kwa macho yake, akakataa kuambiwa kwamba hakukiona. Na mimi ndiye niliyemwacha aendelee kuamini mpaka mtu akafa. Nawaambia mapema ili msije mkacheka nami mwanzoni halafu mkanilaumu mwishoni.

Alikuwa Msukuma mrefu, mabega mapana, mpole wa maneno na mgumu wa kichwa. Watu wa mjini walimwita Ngosha kama wanavyowaita Wasukuma wote wanaume, naye aliitika bila kinyongo. Bonde lake la kufyatulia lilikuwa kati ya majabali na ziwa. Wakati wa mvua lilijaa maji likawa bwawa la mafunjo. Kiangazi lilikauka, ardhi ikapasuka vipande vipande, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Mfyatuaji huchimba udongo, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu asubuhi nzima mpaka ulainike kama ugali uliosongwa vizuri, ndipo autie kwenye kalibu, kile kisanduku cha mbao cha kutolea tofali. Kukanyaga ndiyo roho ya kazi. Tope lisilokanyagwa linabaki na mizizi na matundu ndani, na tofali lake halifai hata kujengea banda la kuku.

Sasa, ukikanyaga tope la bonde lile, mara nyingine mguu unagusa kitu kinachojikunja. Huyo ni kamongo. Kwa asiyemfahamu, kamongo ni samaki mrefu kama nyoka mnene, anayevuta hewa kama mimi na wewe. Bwawa likikauka anajichimbia chini, anajizungushia ute unaokauka ukawa kama mfuko, anaacha katundu kadogo ka kupumulia, analala humo miezi na miezi akingoja mvua. Ukimgonga anatoa mlio, mngurumo wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Wafyatuaji wote walimtoa, wakampasua, akawa mboga ya jioni. Shimba naye alifanya hivyo miaka mingi na hakuona ajabu yoyote.

Ajabu ilianza baada ya misiba. Shimba na mkewe Bernadeta walizaa watoto watano, wakazika wanne. Wa mwisho aliondoka mwaka hamsini na mbili kwa homa ya siku tatu, na Bernadeta akamfuata kabla mwaka haujaisha. Akabaki binti mmoja, Teodora. Padri wa misheni alikuja kumfariji, akamwambia Mungu ndiye aliyewaumba wale watoto na Mungu ndiye aliyewachukua, kwa hiyo asinung'unike. Shimba alimsikiliza kwa adabu. Padri alipoondoka akaniuliza mimi, Muislamu wa watu, ni fundi gani huyo anayetengeneza vyungu vitano na kuvunja vinne. Nikamwambia asikufuru mbele yangu.

Akaenda kwa Mwalimu Kashindye, jirani yetu aliyesomea Tabora na kufundisha shule ya kati, mtu wa miwani na magazeti. Kashindye akamweleza habari nyingine kabisa: kwamba uhai ulianza mdogo sana majini, ukabadilika na kupanda polepole kwa miaka isiyohesabika, samaki wakatoka nchi kavu, na kwamba katika kila kizazi wenye nguvu huendelea na wanyonge huanguka njiani. Akamwambia hata kamongo ni ushahidi, kwa sababu ana mapafu. Shimba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama watoto wake ndio hao wanyonge. Mwalimu akajikanyaga, akasema hakumaanisha hivyo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo Shimba hakuingia tena kanisani, na akipita kwa Kashindye alitazama upande wa pili.

Basi kiangazi cha mwaka hamsini na tatu akachimba pembe moja ya bonde ambayo, alisema, ilikuwa haijaingiwa na maji misimu miwili. Alikata bonge gumu kama jiwe, akalipasua, ndani akakuta kamongo, mzima, anapumua. Akaniita nije nione. Alikuwa amepiga magoti. Akaniuliza mama yake huyu yuko wapi. Baba yake yuko wapi. Maji yako wapi. Nikamwambia alijichimbia mvua zilipokata, kila mtu anajua. Akasema kila mtu anasema, lakini nani amemwona akiingia?

Kweli, hapo alinibana. Miaka yote ile sijawahi kumwona kamongo akiingia ardhini. Nimewaona wakitoka tu.

Kuanzia hapo Shimba akawa na neno lake mwenyewe, si la padri wala la mwalimu. Alisema uhai hauumbwi na mtu, na wala haupandi ngazi kwa kuwakanyaga wanyonge. Uhai umo. Umo topeni tangu tope lilipokuwa tope, unalala, na tope likiiva linazaa, kama maziwa yanavyoganda yenyewe bila kuambiwa. Na chochote kinachokufa kinarudi humo humo kulala. Nadhani mnaelewa kwa nini alilipenda neno hilo. Watoto wake wanne walikuwa wamelala kwenye ukingo wa bonde lile.

Nilibishana naye hadi koo likanikauka. Nikamwambia Mola ameumba, basi, na hata vitabu vyote viwili vinasema tulitoka kwenye udongo. Akacheka, akasema ndiyo, udongo wameupata, ila wamemwongeza fundi. Hapo alinichoma, maana mimi ni fundi, na mtu akiniambia ukuta umejijenga wenyewe natafuta nyundo. Alikuja Mzungu mmoja kutafuta kamongo wa kupeleka kwenye maabara, na kwa kupitia karani wake akatuambia wako wataalamu wanaodhani mbegu ya uhai ilianguka kutoka nyotani pamoja na mawe ya moto. Shimba alimtazama yule bwana na ndoo zake, akanong'ona kwamba huyu naye anatafuta mbali kitu alichokikanyaga. Akamuuzia ndoo mbili.

Nisimwonee. Alijaribu neno lake kwa kitendo, jambo ambalo padri na mwalimu hawakulifanya. Alichukua bonge moja lenye katundu, akaliweka juu ya boriti ya nyumba yake, mahali pakavu penye moshi, likakaa miezi kumi na minne. Halafu akatuita majirani mchana, akalitumbukiza kwenye beseni la maji. Tulikaa pale tukitaniana. Saa tisa beseni likatikisika, na ndani ya maji ya matope kikatokea kichwa kikafungua mdomo. Wanawake waliondoka bila kuaga. Mwalimu Kashindye alianza kueleza kwamba alikuwemo tangu mwanzo, amelala tu, na hakuna aliyemsikiliza. Mimi mwenyewe chakula cha siku hiyo sikukimaliza.

Teodora aliolewa mwaka hamsini na tano na Chenge, kijana wa ng'ambo ya Kamanga aliyekuja mjini kubeba mizigo bandarini. Kijana mzuri, tatizo mama yake. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tano, Teodora hana kitu. Mama Chenge akawa anavuka ziwa kila baada ya miezi michache kuja kumtazama mkamwana tumbo, bila hata kuficha. Mwaka wa sitini akatoa neno la mwisho: mvua za mwaka ujao zikimalizika bila mtoto, Teodora arudi kwao, na mwanawe aoe tena. Teodora alipomweleza baba yake alikuwa halii tena. Alikuwa ameshachoka kulia. Huyo ndiye mtoto pekee aliyembakia Shimba.

Shimba alinijia kesho yake asubuhi. Akasema atamjengea binti yake nyumba ya vyumba viwili, chumba cha mbele na chumba cha kulala, na hatakanyaga tope. Atachonga mabonge kutoka ardhini yalivyo, pamoja na kamongo wake ndani, binti awe analala amezungukwa na uhai usiku na mchana. Mtu anayelala kando ya moto anapata joto, akasema, basi na huyu atapata. Nilimwambia hapana. Nikamweleza mizizi, nikamweleza matundu, nikamweleza mvua. Akaniambia nipige lipu nene na kuezeka bati refu, maji hayatafika. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kama sitajenga mimi, atajenga mwenyewe. Shimba kujenga mwenyewe! Mtu asiyejua hata kushika timazi. Nikakubali.

Tulianza Julai. Chumba cha mbele nilikijenga kwa mabonge yake, na ninyi mnaojenga kwa saruji hamtaelewa ilikuwaje. Kila nilipogonga bonge likae sawa, lilinguruma. Nilikuwa napaka udongo wa kushikia huku nimeuma meno. Vitundu vya kupumulia aliniamuru nisivizibe, niviache vitazame nje, nami nikaviacha. Jioni jua likipiga ukuta ule ulionekana kama umetobolewa kwa msumari sehemu mia.

Tulipofika chumba cha kulala, Shimba akaanguka homa, akalala kwake siku nane. Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Niliangalia yale mabonge yaliyopangwa kwa ajili ya chumba kile, nikamfikiria yule binti ambaye nilimjua tangu ana meno ya utoto, akilala katikati ya vitu vinavyonguruma, na moyo ukakataa. Nilikuwa na matofali mazuri, yaliyokanyagwa yakakauka vizuri, yamebaki kwenye kazi ya mtu huko Kiseke. Nikayaleta kwa mkokoteni safari sita. Nikajenga chumba kizima kwa hayo, kuta zote nne, nikapiga lipu haraka, nikatoboa vitundu vya uongo kwa kijiti ili vifanane na vya kule mbele. Mabonge ya Shimba niliyapasua nyuma ya nyumba yangu. Samaki tuliwala na mke wangu Mastura kwa ugali, siku nne mfululizo. Mastura aliniuliza kama nimemwambia mwenye samaki. Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Alipopona alikuja, akapitisha kiganja ukutani chumba kwa chumba, akasema Fundi, Mungu akubariki, na alikuwa hajataja jina la Mungu miaka minane. Nani angemwambia hapo?

Teodora na Chenge walihamia Oktoba. Februari Teodora akawa hali dagaa, anatapika asubuhi. Machi ikathibitika.

Shimba alikuja kazini kwangu, akapanda juu ya jukwaa la ujenzi yeye mwenyewe na uzito wake ule, akanikumbatia hadi tukaponea chupuchupu kuanguka wote. Alilia. Alisema ukuta umejibu. Na mimi nilikuwa nimeshika mwiko wangu, najua kwamba ule ukuta anaolala chini yake binti hauna hata samaki mmoja, ni tofali tupu la Kiseke, na mtoto amekuja vilevile kama watoto wanavyokuja. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Ningeweza kumwambia, angekasirika mwezi mmoja, angepoa. Lakini raha ile ya uso wake sikutaka kuwa mimi wa kuifuta. Niliogopa pia, niseme kweli. Nikampa pongezi.

Habari zikaenea upesi. Wanawake wasiopata watoto wakaanza kuja, kutoka Igogo, kutoka Pasiansi, wengine walivuka maji. Waligusa ukuta wa chumba cha mbele, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na ngurumo. Baadaye kugusa hakukutosha, wakawa wanakwangua lipu kwa kucha, wanaifunga kwenye pindo la khanga kwenda kukoroga na maji wanywe. Nilifoka, nikawafukuza mara mbili. Shimba akaniambia niwaache, wana shida zao. Kufika Septemba ukuta ule upande wa ziwa ulikuwa umevuliwa nguo kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mtoto alizaliwa Oktoba, wa kiume, wakamwita Mihayo. Alikuwa mdogo sana, kichwa kama embe dodo, analia kwa sauti nyembamba, lakini alikuwa ananyonya. Mama Chenge alivuka ziwa akambeba, akamtazama vidole vyote, akasema ni wetu. Neno la kurudishwa kwao likaisha hapo. Teodora alicheka siku ile mpaka nikakumbuka kwamba ana mwanya.

Halafu mvua ikaanza, na haikuwa mvua tunayoijua. Ninyi mliokuwepo mwaka ule wa uhuru mnakumbuka. Ilinyesha Oktoba yote iliyobaki, ikanyesha Novemba, ziwa likaanza kupanda, asubuhi unakuta jiwe la kufulia la jana limezama. Mafunjo yalisukumwa hadi nyuma ya nyumba za watu. Bonde la Shimba lilijaa likaungana na ziwa, na maji yakasimama hatua ishirini kutoka kwenye ukuta ule uliokwanguliwa. Nilikwenda kuutazama, nikabonyeza kwa kidole, kidole kikaingia.

Ndani ya chumba cha mbele walikuwa wameamka. Unyevu ulikuwa umewafikia, na sasa hawakungoja kugongwa. Walinguruma wenyewe, huyu akianza yule anajibu. Asubuhi moja Teodora alikuta kamongo sakafuni, ametoka ukutani, anajiburuta kuelekea mlangoni, na pale alipotoka pamebaki shimo la kuingia ngumi. Alipiga kelele hadi majirani wakaja. Shimba alifurahi. Alimbeba yule samaki kama mgeni, akampeleka majini. Tangu siku hiyo Teodora alijifungia chumba cha kulala na mtoto wake, na chakula alikifuata kwa mlango wa uani.

Mwanzoni mwa Desemba Mihayo akapata kikohozi, akapungua kunyonya. Ijumaa mchana, tarehe nane, mji mzima ukifunga matawi ya mitende kwa ajili ya kesho yake, Shimba akaniita kwa binti yake. Nilimkuta chumba cha kulala. Teodora amekaa kitandani na mtoto, Mama Chenge amekaa kwenye kigoda, na Shimba amebandika sikio ukutani. Alisikiliza ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akageuka, uso umembadilika.

"Huku kumenyamaza," alisema. "Kule mbele wanaongea, huku hakuna kitu. Chumba hiki kimekufa, ndiyo maana mtoto anapoa."

Teodora akasema, "Baba, huku ndiko ninakopata usingizi. Kule wanakoroma ukutani, mimi naogopa."

Mama Chenge akasema mzee ndiye aliyejua nyumba hii tangu mwanzo, asikilizwe. Shimba akasema kitanda kihamishwe mbele sasa hivi, kiegeshwe kwenye ukuta wa upande wa ziwa, ule wenye nguvu zaidi. Halafu akanitazama mimi.

"Fundi, wewe ndiye uliyejenga. Kuna tofauti yoyote kati ya chumba hiki na kile?"

Waliniangalia wote watatu. Teodora alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuomba, kwamba mimi baba yake wa pili niseme neno lolote, uongo wowote, abaki pale alipo. Na mimi sikuhitaji uongo. Nilikuwa na ukweli kinywani, umejaa tele. Lakini niliuona uso wa Mama Chenge, nikaona atakavyocheka nyumba nzima na mwenye nyumba, nikazikumbuka zile siku nne za ugali na samaki, nikaona aibu yangu imekaa kwenye kigoda inaningoja. Nikajiambia ukuta utasimama siku mbili tatu. Nikajiambia kesho baada ya sherehe nitaleta miti niuegemeze.

"Hakuna tofauti," nikasema.

Shimba akashika kitanda upande wa kichwani, akaniambia nishike upande wa miguuni. Nikashika. Tukakipitisha mlangoni kwa ubavu, tukakiweka alipotaka. Nilipoondoka Teodora hakuniaga.

Jumamosi mji ulikuwa ngoma tupu. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, watu wakatoka na bendera mpya, watoto wa shule wamepangwa mistari, wacheza nyoka wa Kisukuma wamekuja na masanduku yao. Nilivaa kanzu yangu safi nikaenda na Mastura. Miti niliiacha imelala uani kwangu, minane, nimeshaichagua. Nilipiga makofi, niliimba, na kila wingu lilipopita juu ya ziwa nilijisemea bado kidogo, hotuba hii ikiisha naenda. Zikaja hotuba nyingine.

Saa sita kasoro nilimwona Chenge anakimbia katikati ya watu, anasukuma bila kuomba radhi, na alikuwa anakuja kwangu. Aliniambia nilete majembe.

Teodora alikuwa ametoka kwenda jiko la nje kuchukua uji. Hatua kumi, alisema baadaye, hazikuzidi kumi. Ukuta wa upande wa ziwa haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, kama mzee anavyokaa, kuanzia pale kiunoni ulipokwanguliwa, na sehemu yote ya juu ikalala ndani ya chumba. Teodora aliingia kuchimba kwa mikono, bonge jingine likamvunja mkono wa kushoto. Tulichimba mimi, Chenge, Shimba na majirani. Kamongo walikuwa wanatutoka kati ya miguu, wanaserereka kwenye matope kwenda ziwani, na Shimba alikuwa anawakanyaga bila kuwaona. Mihayo tulimpata akiwa kitandani palepale tulipokiweka. Chumba cha kulala kilikuwa kimesimama na kuta zake zote nne, lipu haina hata ufa.

Tulimzika Jumapili. Siku ya nne nilimkuta Shimba kwenye magofu, amekaa juu ya kifusi, Teodora pembeni yake mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Macho ya Shimba yalikuwa makavu. Alianza kuniambia mipango. Alisema tope lilimtoa na tope limemrudisha, hajapotea, yuko na wajomba zake wanne anangoja. Teodora bado kijana, akasema. Maji yakishuka, kiangazi kijacho, atachonga mabonge mengine, na safari hii atazungushia nyumba nzima, hata jikoni, kuta mbili mbili.  Niliona jinsi Teodora alivyokuwa anatazama chini, nikajua ataingia nyumba hiyo, kwa sababu hana nguvu ya kukataa na hana pengine pa kwenda, maana Mama Chenge alikuwa ameshavuka kurudi Kamanga na neno lake la zamani.

Basi nikasema. Nilisimama mbele yao nikasema yote, homa yake ya siku nane, safari sita za mkokoteni, vitundu vya kijiti, mpaka ugali. Nilisema haraka, nikingoja anipige. Nilitaka anipige.

Shimba aligeuka akakitazama chumba cha kulala. Halafu akauliza, "Chumba chote?"

"Chote. Halikuwemo hata bonge lako moja."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, Ngosha."

Alitazama viganja vyake. "Kwa hiyo Mihayo alikuja mwenyewe," alisema polepole. "Hakuna tope lililomleta. Alikuja mwenyewe tu, akalala pale salama karibu miezi miwili, na mimi nikaenda nikamtoa."

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba kitanda tulikibeba wawili. Teodora akaniwahi. Tangu mdogo alikuwa ananisalimu shikamoo baba, na hata siku ya msiba aliniita baba.

"Nenda nyumbani kwako, Fundi," alisema.